UZI: Suguta palikuwa na ziwa lenye kina cha mita 300. Maji yote yale yalienda wapi?

#1 MwanaMenengai (Nakuru)

Habari za jioni wadau. Naleta hapa swali ambalo limenikosesha raha, maana najua humu kuna walimu, wachimba visima, wavuvi na watu wa Turkana.

Kazi ilinipeleka kaskazini ya Kapedo, kupakua saruji na mabati. Kule chini bonde la Suguta linafunguka mbele yako, jua linachoma, hakuna mti wa maana. Kwenye miteremko ya vilima nikaona mistari imelala, mmoja juu ya mwingine, inafuata kilima kote. Mzee aliyekuwa nasi akasema maji yaliwahi kufika pale. Nikapanda hadi kwenye mstari wa kwanza. Kokoto zake zilikuwa za mviringo, laini, zimesuguliwa na mawimbi. Katikati yake kulikuwa na magamba ya konokono wa majini, meupe na mepesi kiasi kwamba ukibana kwa vidole yanakuwa unga.

Niliporudi nikaanza kusoma. Watafiti wanasema bonde lile lilijaa ziwa la kilomita za mraba 2,200 hivi, kina mita 300, na likaendelea kuwepo hadi miaka kama 5,000 iliyopita. Leo kimebaki Logipi, kidimbwi cha chumvi kaskazini kabisa, chini ya volkeno ya Barrier.

Dai langu ni hili: ardhi ilipasuka na maji yakazama. Tunaishi katika Bonde la Ufa, nyufa ziko kila mahali, hata hapa Nakuru mvua ikinyesha tunaona barabara na mashamba yanafunguka. Ziwa la mita 300 haliondoki hivi hivi kwa jua. Nipingeni kwa hoja.

#2 JaNyalenda (Kisumu)

Mkuu, mita 300? Ziwa Victoria lote hili tunalojivunia, kina chake kikubwa ni kama mita 80. Unaniambia jangwani kulikuwa na ziwa lenye kina karibu mara nne ya letu? Watu wa Nakuru, tangu maji yameze lango la mbuga yenu mnaona maziwa kila mahali.

#3 MwalimuRongai (Rongai, Nakuru)

JaNyalenda, hiyo mita 300 ni kweli. Kina na ukubwa ni mambo mawili. Victoria ni pana na bapa, kilomita za mraba 68,800. Suguta ni shimo jembamba lenye kuta kali. Sakafu yake iko chini hata kuliko uso wa Ziwa Turkana. Ukimimina maji kwenye shimo kama lile, hayana pa kutambaa, yanapanda tu.

MwanaMenengai, mimi nafundisha jiografia na nakupinga moja kwa moja. Jibu liko angani. Dunia inapozunguka jua, mhimili wake unayumba polepole sana, na mzunguko mmoja wa mabadiliko hayo huchukua zaidi ya miaka 20,000. Siku hizi dunia huwa karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari. Miaka kama 10,000 au 11,000 iliyopita ilikuwa karibu zaidi na jua katikati ya mwaka, wakati kaskazini ya ikweta ni kiangazi. Bara likapata joto zaidi, pepo za msimu zikavuta unyevu mwingi zaidi kutoka baharini, na mvua zikasogea hadi sehemu ambazo leo ni jangwa. Ndicho Kipindi cha Unyevu cha Afrika. Sahara ilikuwa na nyasi, mamba na viboko. Mhimili ulipoendelea na safari yake, mvua zikarudi kusini na maziwa yakafa.

Suguta halikuwa peke yake. Turkana lilisimama mita karibu 100 juu ya leo na kumwagika upande wa kaskazini magharibi hadi kwenye mkondo wa Nile. Naivasha lilifurika kusini kupitia korongo la Ol Njorowa, kule Hell's Gate. Maziwa yote hayo yalipungua kwa pamoja. Ufa gani ungepasua mabonde yote kwa wakati mmoja?

#4 MtotoWaKakamega

Naongezea kwa Mwalimu. Tafuta habari za Mega-Chad. Kulikuwa na ziwa la zaidi ya kilomita za mraba 350,000, yaani Victoria yetu mara tano. Leo sehemu yake ya chini kabisa ni bonde la Bodélé, mahali penye vumbi jingi kuliko karibu popote duniani. Vumbi lile ni mabaki ya vijimea vya ziwani, na upepo hulivusha Atlantiki hadi msitu wa Amazon. Suguta ni kadogo.

#5 BintiKapedo

Kadogo kwa mtu wa Kakamega anayenyeshewa kila alasiri.

Mimi nimezaliwa huku. Mnaongea kuhusu angani na mhimili, hamjauliza kuhusu chemchemi. Kapedo maji yanatoka ardhini yakiwa moto, huwezi kuweka mkono ukauacha. Yanaporomoka kwenye mwamba, yanaingia Mto Suguta, mto unakwenda kaskazini hadi Logipi. Maji hayo yanatoka wapi na mvua yetu ni ya kutafuta kwa tochi? Yanatoka Baringo, kwa chini. Ziwa Baringo halina mto unaotoka, na bado maji yake ni baridi ya kunyweka, si chumvi kama Bogoria. Sababu yake ni kwamba linavuja chini kwa chini kuja kwetu. Kwa hiyo MwanaMenengai hajasema upuuzi. Maji katika bonde hili yanatembea chini ya ardhi hadi leo.

#6 MwanaMenengai (Nakuru)

Asante dada BintiKapedo, umenipa nguvu. Na nina hoja nyingine kwa Mwalimu. Maji yakiruka angani, chumvi inabaki. Ziwa la mita 300 likikauka kwa jua, chumvi yake ingejaa bonde zima. Mbona nilikanyaga kokoto na mchanga? Chumvi iko wapi? Nasema ilizama pamoja na maji.

#7 FundiVisima (Bahati, Nakuru)

Naomba niseme ninachokiona, maana mimi huingia ardhini kwa mikono yangu.

Nikichimba kisima upande wa chini wa mji, naanza na udongo mweusi. Baadaye naingia jivu la volkeno, kijivu, jepesi, linaingia puani hata ukifunga kitambaa. Chini yake kuna tabaka la unga mweupe kama chaki, ukilishika linateleza, ukilipuliza linapeperuka. Halafu kokoto za mviringo. Halafu jivu tena. Halafu chaki tena. Kuna kisima kimoja nilihesabu chaki ikija na kuondoka zaidi ya mara moja kabla sijafika kwenye maji.

Mimi si msomi, lakini kichwani mwangu ile ni hesabu. Ziwa lilikuja, likaondoka, volkeno ikapuliza, ziwa likarudi. Wote mnaongea kana kwamba ziwa lilikufa mara moja tu. Lilikufa mara nyingi. Kwa hiyo ufa mmoja haufai kuwa jibu, ingekuwa maji yamezama basi yasingerudi tena.

#8 Mkulima_Molo

Hiyo chaki nyeupe ndiyo ile wanayochimba Kariandusi, karibu na Elmenteita. Nimepita pale. Inaonyesha ziwa la zamani hizo za miaka 10,000 lilifika hadi kule juu.

#9 MhifadhiHyrax (Nakuru)

Mkulima, hapo lazima tusahihishe. Chaki ya Kariandusi, diatomaiti, ni ya zamani mno kuliko hilo ziwa la miaka 10,000. Mwanaakiolojia Louis Leakey alianza kufanya kazi pale mwaka 1928, na shoka za mawe zilizopatikana ni za watu walioishi zaidi ya miaka 700,000 iliyopita. Ni ziwa jingine kabisa. FundiVisima amesema kweli: yalikuja na kuondoka.

Kama unataka ziwa la miaka 10,000, njoo kilima cha Hyrax Hill, hapo nje kidogo ya mji. Mary Leakey alichimba pale 1937. Ziwa la Nakuru wakati ule lilikuwa limeungana na Elmenteita, maji yakiwa mita 180 hivi juu ya leo. Kilima kile kilikuwa rasi, maji yakikizunguka. Ukisimama juu yake leo unaliona Ziwa Nakuru kule mbali upande wa kusini. Kati yako na ziwa kuna nyumba, barabara, shule na soko. Yote hayo yamejengwa juu ya sakafu ya ziwa.

Halafu kuna pango la Gamble's Cave, upande wa Elmenteita, ambapo Louis Leakey alipata zana za wawindaji walioishi kando ya maji hayo. Watu walikuwepo. Waliliona likija na wakaliona likienda.

#10 Mkulima_Molo

Sawa, Kariandusi iacheni. Lakini hoja yangu kuu ni miti. Maji hukaa pale penye msitu. Sisi tumeona Mau ilipokatwa, mito inayoingia Ziwa Nakuru, Njoro na mingine, ikawa ya msimu. Mvua ikinyesha inashuka na tope, jua likiwaka hakuna kitu. Kama watu wa zamani walichoma na kulisha mifugo kule Suguta, ndivyo walivyoua ziwa.

#11 KijanaLondiani

Mkulima hauko peke yako. Mwanaakiolojia mmoja, David Wright, aliandika mwaka 2017 kwamba wafugaji walichangia kuimaliza Sahara ya kijani: mifugo ikala nyasi, ardhi ikabaki tupu na kurudisha mwanga wa jua angani, mvua zikapungua.

#12 MwalimuRongai (Rongai, Nakuru)

Na mwaka uliofuata, 2018, watafiti wengine wakapiga hesabu na kupata kinyume chake. Wao wanasema ufugaji wa kuhamahama ulichelewesha jangwa, kwa sababu wafugaji walijua kuhama kabla malisho hayajaisha. Msiwabebeshe wafugaji kila kitu. Mau ni habari ya miaka hamsini ya karibuni, Suguta ni habari ya miaka 5,000.

Kuhusu chumvi ya MwanaMenengai: ziwa lilipojaa kabisa lilikuwa na mahali pa kumwagikia, upande wa magharibi kuelekea bonde la Kerio na hatimaye Turkana. Ziwa linalomwagika linasafishwa, halijilimbikizii chumvi. Likaja kukusanya chumvi lilipopungua tu, na hiyo chumvi ipo, nenda Logipi ukaangalie kingo zilivyo nyeupe.

Na hili la jua, tupige hesabu pamoja. Kule joto lile hula zaidi ya mita 2 za maji kila mwaka. Ukizima mvua na mito kabisa, mita 300 zinaisha kwa muda wa miaka 150 au chini yake. Hata mvua ikipungua nusu nusu, ni karne chache tu. Kwa historia ya dunia hiyo ni kufumba na kufumbua. Hatuhitaji ufa.

#13 MwanaMenengai (Nakuru)

Miaka 150 ukizima mvua *kabisa*. Haikuzimwa. Hesabu yako ina mlango wa nyuma, Mwalimu.

#14 Loroo_Lodwar

Nawasoma tangu mwanzo. Mnaongea kuhusu ziwa bila watu, ila MhifadhiHyrax peke yake.

Kwetu ushahidi uko juu ya mchanga. Lothagam, upande wa magharibi wa Ziwa Turkana, kunapatikana ncha za vyusa zilizochongwa kwa mfupa, zenye miiba ubavuni. Wavuvi wa miaka 10,000 hivi iliyopita walizitumia. Leo ukisimama pale maji yako mbali. Nataruk je? Mifupa ya watu wasiopungua 27 wa miaka kama 10,000 iliyopita, baadhi wakiwa na alama za kuuawa, kando ya kidimbwi cha ziwa. Leo ni kilomita 30 kutoka majini, nchi kavu.

Sasa sikilizeni hili. Ziwa lilipoanza kupungua, miaka 5,000 hivi iliyopita, wafugaji wa kwanza waliofika huku walijenga makaburi makubwa ya pamoja hapo hapo Lothagam, yenye nguzo za mawe. Watu wasiopungua 580 walizikwa, wake kwa waume, wazee na watoto, na wengi wakiwa na shanga na mapambo. Walifanya hivyo kwa karne kadhaa, wakati maji yanarudi nyuma kila kizazi. Hawakuzikana kwa ubaguzi wa mkubwa na mdogo. Mimi naona watu waliokuwa wanaona dunia yao inabadilika, wakaamua kuwa na mahali pamoja pa kukutania.

Kwa hiyo sikubali kwamba wafugaji waliua ziwa. Walilikuta linakufa.

#15 BintiKapedo

Loroo, ubarikiwe. Hili la makaburi sikulijua na niko karibu hivi.

#16 MamaSamaki (Dunga, Kisumu)

Nami niingie, ingawa mnaongelea jangwa. Mwanangu aliyesoma mambo ya samaki aliniambia hata Victoria liliwahi kukauka. Nilimkatalia. Mimi nakaanga samaki Dunga, naliona ziwa kila siku tangu nizaliwe, utaniambia lilikuwa nchi kavu?

Akanieleza kwamba watafiti walitoboa chini ya tope katikati ya ziwa, wakakuta udongo wa nchi kavu, wenye mizizi ya nyasi. Miaka 15,000 hadi 17,000 iliyopita. Kisha maji yakarudi, na wale samaki wadogo tunaowaita fulu, aina mamia kadhaa, wote wakatokea ndani ya muda huo. Hapo ndipo mabishano yao yanapoanza. Wengine wanasema haiwezekani aina zote hizo zitokee kwa miaka 15,000, lazima palibaki vidimbwi. Wengine wanasema mababu wa fulu walikuwa wamechanganyika damu, wa upande wa Kongo na wa upande wa Nile, ndiyo maana waligawanyika upesi. Mimi nabaki na swali moja: kama Victoria lilikauka, mababu wa fulu wangu walijificha wapi?

#17 JaNyalenda (Kisumu)

Mama, sasa nimeogopa. Nilikuja kuwatania watu wa Nakuru, naambiwa hata letu lilikuwa malisho ya ng'ombe.

#18 MtotoWaKakamega

Ng'ombe hawakuwepo bado miaka 15,000 iliyopita huku. Malisho ya nyati.

Lakini ona jambo hili. Victoria lilikauka wakati wa ukame mkubwa, *kabla* ya kipindi cha unyevu. Suguta lilijaa wakati wa unyevu na kukauka mwishoni. Kwa hiyo eneo hili moja la kutoka Kisumu hadi Turkana limeona yote mawili, ndani ya miaka michache ya kijiolojia.

#19 MsafiriKitale

Nimewahi kusoma kwamba unyevu wa Suguta ulitoka Atlantiki, si Bahari ya Hindi. Kuna mpaka wa hewa, unaitwa mpaka wa hewa wa Kongo, pale pepo za magharibi zinapokutana na za mashariki. Kwa kawaida hukaa magharibi yetu. Wakati ule ulisogea mashariki, ukavuka milima, ukaleta mvua ya msimu wa Julai na Agosti katika Bonde la Ufa. Sisi wa Kitale tunaipata mvua hiyo mpaka leo, ndiyo maana mahindi yetu yanastawi. Watu wa Suguta waliipata wakati ule na kuipoteza.

Jambo lililonishangaza zaidi: waliopiga hesabu wanasema mvua haikuhitaji kuongezeka mara mbili wala mara tatu. Ongezeko la robo hivi, au zaidi kidogo, lilitosha kujaza lile shimo. Mabonde yenye kuta kali hukuza kila badiliko dogo.

#20 MwanaMenengai (Nakuru)

Robo? Robo tu?

MsafiriKitale, hiyo inanitisha kuliko ufa.

#21 FundiVisima (Bahati, Nakuru)

Inaeleza mambo ya hapa kwetu. Katikati ya miaka ya 1990 Ziwa Nakuru lilikauka karibu lote. Wakubwa wanakumbuka. Upepo ukivuma alasiri ulileta vumbi la magadi mpaka mjini. Mama yangu alikuwa akianua nguo kwenye kamba akizikuta zina unga mweupe, zinawasha shingoni, anazisuuza upya. Watoto macho mekundu. Baadaye ikaja mvua ya El Niño ya 1997, ziwa likarudi. Halafu kuanzia 2010 likaanza kupanda bila kusimama, likatoka kilomita za mraba 40 hivi na kupita 60. Lango kuu la mbuga likazama, nyumba za watu wa Mwariki zikaingia maji, flamingo wakahama. Yote hayo nimeyaona mimi nikiwa hai. Sihitaji kwenda miaka 5,000.

#22 Mkulima_Molo

Na kupanda huko sababu ni tope la Mau! Ziwa limejaa udongo, maji yakakosa nafasi.

#23 MwalimuRongai (Rongai, Nakuru)

Tope linachangia, sikatai. Lakini Baringo, Bogoria, Naivasha, Turkana na hata Victoria yalipanda miaka hiyo hiyo. Victoria mwezi Mei 2020 lilivunja rekodi iliyokuwa imesimama tangu 1964. Ripoti ya serikali ya 2021 ilitaja mvua kuongezeka, matumizi ya ardhi, na miendo ya ardhi yenyewe. Yote matatu.

#24 MwanaMenengai (Nakuru)

"Miendo ya ardhi yenyewe." Ahsante Mwalimu. Umeandika mwenyewe.

#25 MhifadhiHyrax (Nakuru)

Hahaha, hapo amekubana, Mwalimu.

Lakini MwanaMenengai, ile Barrier inayotenganisha Suguta na Turkana usiitumie kama hoja, nimeona mtu akiitumia kwingine. Lava zake za mwanzo ni za zamani mamia ya maelfu ya miaka kuliko ziwa. Ilikuwa imeshaziba bonde muda mrefu. Teleki, msafiri kutoka Ulaya, aliikuta ikitoa moshi mwaka 1888, ni volkeno hai, lakini siyo iliyokausha ziwa.

#26 KijanaLondiani

Swali kwa wote. Lilikauka ghafla au polepole? Maana hapo ndipo penye maana kwa sisi tunaoishi sasa. Mashapo yaliyotobolewa baharini pwani ya Mauritania yanaonyesha badiliko la ghafla miaka 5,500 iliyopita. Ziwa Yoa kaskazini mwa Chad, utafiti wa 2008, linaonyesha jangwa likiingia polepole kwa karne nyingi. Wote wamepima, wote wamepata majibu tofauti.

#27 Loroo_Lodwar

Chew Bahir, kusini mwa Ethiopia, kwa wenzetu wa mpakani, watafiti walipata jibu la tatu: halikuwa la ghafla wala polepole. Hali ya hewa ilitetereka kwanza. Ukame wa miaka 20 hadi 80, kisha unyevu unarudi, kisha ukame tena, mara nyingi, kabla ya kukauka moja kwa moja. Ebu fikirini mtu aliyezaliwa katikati ya ukame wa miaka 80. Angemweleza mtoto wake kuwa dunia ndivyo ilivyo. Kisha mjukuu anaona maji yakirudi.

Huku kwetu wazee wanasema ziwa lina tabia zake. Tulipojengewa bwawa kule juu kwenye Omo, Gibe III, likazinduliwa 2016, tuliogopa litatukausha. Lakini miaka iliyofuata ziwa likapanda, likameza barabara na shule za watu. Sasa hatujui tuogope lipi.

#28 JaNyalenda (Kisumu)

Na yale maji ya chini ya ardhi ya Lotikipi, kule Turkana, yaliyotangazwa 2013? Si ndiyo maji ya maziwa ya zamani yaliyozama? Hapo MwanaMenengai angekuwa na ushahidi.

#29 Loroo_Lodwar

Yalitangazwa kwa shangwe. Walipochimba zaidi wakakuta chumvi, hayanyweki. Watu walisherehekea huku bado wakitembea na mitungi.

#30 FundiVisima (Bahati, Nakuru)

Hata visima vya Nakuru si salama kwa kila mtu. Floridi. Angalia meno ya watu waliokulia hapa, yana rangi ya kahawia. Mteja akiniita, kwanza namwambia apeleke maji yapimwe. Kuna waliokataa wakasema nataka kuwaongezea gharama. Maji yanayokaa muda mrefu kwenye mwamba wa volkeno huchukua vitu vyake.

#31 BintiKapedo

FundiVisima, ukija Kapedo tuonyeshe pa kuchimba. Tunasubiri maji safi, na mtu anayetuuzia kwa mitungi anapandisha bei kila kiangazi.

#32 MwalimuRongai (Rongai, Nakuru)

Naomba niongeze moja kwa KijanaLondiani. Bonde moja na jingine hazikauki kwa mtindo mmoja, hata kama mvua ni ile ile. Shimo lenye kuta kali kama Suguta maji yake yanashuka upesi unapoyaangalia kwa mita. Ziwa bapa linapungua kwa upana, ufuo unakimbia kilomita nyingi huku kina kikipungua kidogo. Mtu wa Suguta angesema "limezama", mtu wa Chad angesema "limekimbia". Wote wameona ukame mmoja.

#33 MwanaMenengai (Nakuru)

Hilo la mwisho nimelipenda, nimelinakili. Bado nasema angalieni nyufa. Baringo linavuja, dada ameshuhudia, hakuna aliyelijibu hilo. Ziwa linaweza kupoteza maji juu na chini kwa wakati mmoja. Kwa nini lazima tuchague?

#34 MtotoWaKakamega

Kwa sababu kipimo cha kuvuja hukijui. Tuambie Suguta lilivuja kiasi gani kwa mwaka, tutakusikiliza.

#35 MamaSamaki (Dunga, Kisumu)

Na hakuna aliyejibu la fulu pia.

#36 Chebiemit_Marigat

Salamu. Nimesoma uzi wote mpaka hapa, nimechelewa kwa sababu mtandao wa huku ni wa kubahatisha.

Mnaongelea maziwa yaliyokufa, mimi naishi kati ya mawili yanayokua. Baringo limemeza hoteli na nyumba Kampi ya Samaki. Bogoria nalo linapanda na kusogea kaskazini. Wazee wa hapa na wanasayansi waliopita wote wanasema jambo moja: yakiendelea hivi, yatakutana. Baringo ni maji baridi, lina ngege na kambare, watu wanakula humo. Bogoria ni magadi tupu.

MsafiriKitale amesema robo ya mvua ilitosha kujaza mita 300. BintiKapedo amesema Baringo linavuja kwenda kwao. Sasa naomba mwenye ujuzi anisaidie: Bogoria likiingia Baringo, ile magadi itapita chini hadi chemchemi za Kapedo, au itabaki kwetu? Na kama itabaki, itachukua muda gani kabla samaki hawajaanza kufa? Nauliza kwa sababu ndugu yangu ametoka kununua mashua.